Gari Walilosema Bovu

Barua ya bima ilifunguliwa kabla haijafika mikononi mwangu. Ilipitia ofisi ya kijiji, na siku zile kila kilichopitia pale kilifunguliwa, hata barua ya mtu na mtoto wake aliyeko jeshini. Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 1975, mwaka wa njaa, watu wamejipanga mstari kungoja unga wa njano wa msaada. Mimi nilikuwa wa kumi na nne au wa kumi na tano, gunia langu begani. Simeoni akatoka mlangoni na karatasi mkononi.

Simeoni ndiye mwenyekiti wa kijiji. Tena ni shemeji yangu, tumbo moja na marehemu mke wangu Raheli. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani namsema mtu baki.

"Shemeji Laurenti!" akaita kwa sauti ya mkutano. "Bima wamekujibu. Nikusomee?"

Nikamwambia nipe, nitasoma mwenyewe. Mimi nimefika darasa la tatu, nasoma taratibu lakini nasoma. Hakunipa. Akasoma kwamba gari langu, Landrova ya pikapu, limeumia kiasi cha kutotengenezeka. Na kwa kuwa hata kabla ya ajali gari hilo lilikuwa bovu na halitembei, shirika litanilipa shilingi elfu moja na mia nane, nitie sahihi na kurudisha. Bima niliyokata ilikuwa bima kubwa, ya shilingi elfu kumi.

Mstari mzima ukacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Bovu? Mbona lilikuwa linatutimulia vumbi mpaka kwenye vyungu?"

Hata mimi ningecheka. Lakini Katibu Tarafa alikuwapo siku hiyo, amekaa kwenye kiti kivulini mwa ofisi, na yeye hakucheka. Alisimama.

"Ndugu Laurenti," akasema. "Miezi sita unazunguka ukisema nimemuua mkeo. Kilabuni unasema, kanisani unasema. Leo watu wa utaalamu wamesema. Gari bovu. Mgonjwa asingefika hata hapo Iguguno."

"Kama lilikuwa bovu, mlilichukua la nini?"

"Ndiyo maana lilipinduka!"

Hapo wakacheka kuliko mwanzo. Wengine walicheka kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu aliyesema ndiye anayegawa unga. Nikatoka mstarini na gunia tupu.

Niseme lilivyokuwa.

Lile gari lilikuwa la Raheli kuliko langu. Miaka kumi na moja alifuga kuku, akalima vitunguu na alizeti, kila akipata kitu ananunua ndama. Mwaka 1971 Mhindi mmoja wa Singida mjini alikuwa anafunga duka ahame, akatangaza Landrova yake. Raheli akauza ng'ombe wake wote, mimi nikaongeza wangu wanne. Mhindi ndiye aliyeniambia, "Kata bima kubwa, bwana, ndogo italipa gari ya mwenzako tu." Nikakata, na kila mwaka nikalipa. Tulibeba vitunguu vyetu na vya jirani, na mgonjwa yeyote alipelekwa hospitali ya misheni, maili ishirini na tano, bila kuulizwa kitu.

Mwezi wa nane mwaka 1974 Operesheni ikatukuta. Kila mtu ahamie kijijini, nyumba za zamani ziezuliwe. Usiku wa kuamkia Jumanne tumbo la Raheli likakaza kama ubao, akaanza kutapika maji ya kijani. Kulipopambazuka nikatandika godoro nyuma ya gari, nikatia petroli debe zima. Nikaingia ndani kumbeba. Niliporudi naye mikononi, Katibu Tarafa alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari langu na mgambo wawili.

"Funguo," akasema. "Magari yote yako chini ya Operesheni."

"Mzee, huyu unamwona."

"Namwona. Litarudi mchana. Au unataka nikuandike umepinga amri?"

Mgambo mmoja akalishusha godoro, akaliweka chini vizuri kabisa, kama mtu anayekusaidia.

Mchana halikurudi. Jioni halikurudi. Nilipata mkokoteni wa ng'ombe Jumatano asubuhi. Raheli alikata roho tukiwa tunavuka mchanga wa korongo, bado maili tisa. Na gari likaendelea kutumika, siku ya tatu likapinduka kwenye mlima wa Sekenke, likiwa na dereva wa serikali na watu sita nyuma. Namshukuru Mungu hawakufa. Sekenke kulikuwa na Operesheni gani ya tarafa yetu, sijaambiwa mpaka leo.

Sasa mtu ataona kwa nini lile neno la kwenye barua lilinichoma kuliko zile shilingi. Ikiwa gari lilikuwa zima, Katibu Tarafa alimnyima mke wangu uhai wake. Likiwa bovu, hakumnyima kitu. Raheli alikufa kwa ugonjwa, na mimi ni mjane mwenye kelele.

Mama yake Raheli, Marietha, alikuwa hai, nyumba ya tatu kutoka kwangu katika ule mstari wa nyumba tulizopangiwa. Tangu msiba alikuwa ananiletea mlenda kila Jumapili. Jumapili iliyofuata barua hakuja. Nikamfuata, nikamsalimu nikiwa nimesimama mbali kama inavyompasa mkwe.

"Simeoni ameniambia habari ya barua," akasema bila kunitazama. "Mwanangu aliuza ng'ombe wake wote ukamnunulia chuma kibovu. Siku ya kumfaa hakikuwa cha kumfaa."

"Mama, gari lilikuwa zima."

"Serikali imeandika."

Nikajua nitakwenda Singida.

Nilikwenda na Filipo, fundi wa Iguguno aliyekuwa akiliangalia lile gari. Katika ofisi ya bima tulimkuta karani kijana, Stefano, kavaa suti ya Chou En-lai, ile ya viongozi yenye kola fupi, iliyopigwa pasi vizuri. Alitupa shikamoo, akatuvutia viti. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na adabu yake ikanipunguzia nguvu.

"Mzee, shida yako nini?"

"Mmeandika gari langu bovu. Fundi huyu hapa. Alilifungia klachi mpya mwezi wa saba, wiki tano kabla ya ajali."

"Na tairi nne mpya," Filipo akasema. "Na breki nilizifunga mimi. Gari lile lilikuwa linapiga starta moja tu, bwana."

Stefano alifungua faili, akapekua, akaacha kupekua.

"Mzee, sisi hatukuandika bovu," akasema. "Wewe ndiye uliyeandika."

Akageuza faili nione. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa kitabu cha kijiji, kile cha kuhesabia mali za watu wanaohamia. Mwezi wa sita 1974. Laurenti, mke mmoja, ng'ombe sita, mbuzi kumi, gari moja, bovu, halitembei, limewekwa tu. Chini yake dole gumba langu, na sahihi ya Simeoni.

Nilimwona Simeoni siku ile, kama yuko mbele yangu. Wakati ule alikuwa balozi wa nyumba kumi, anapita na kitabu na kidau cha wino, kila mtu abandike kidole, hata anayejua kuandika. Alikula kwangu, ugali na mlenda, akalamba vidole. Kisha akainama akasema chini chini, "Shemeji, gari tuandike bovu. Mwenye gari zima wanamwita bepari. Watalifanya la kijiji na wewe utabaki kulipungia mkono. La bovu halina mtu." Raheli alikuwa anatoa vyombo. Akasema, "Gari langu si bovu." Simeoni akamcheka, "Dada, ni maneno ya kitabuni tu, litatembea vilevile." Wote siku zile tulikuwa tunafanya hivyo. Mwenye ng'ombe arobaini aliandika kumi na mbili, waliobaki ni wa mjomba. Cherehani zote za kijiji siku zile zilikuwa mbovu, baiskeli zote hazina mnyororo. Viongozi walitufundisha kwamba kuwa na kitu ni kosa, nasi tukajifunza kusema hatuna. Nikabandika kidole.

"Ukurasa huu umeupataje?" nikamwuliza Stefano.

"Mkaguzi alikwenda kijijini. Alitaka kujua hali ya gari kabla ya ajali. Mwenyekiti akamletea kitabu."

"Alilazimishwa?"

Stefano akageuza karatasi nyingine. "Hapana, mzee. Aliandika na barua. Anathibitisha kwamba gari lilikuwa halijatembea tangu mwezi wa nne."

Filipo akatukana kwa Kinyiramba. Mwezi wa saba, gari likitoka kufungwa klachi, Simeoni alipanda mbele, kati yangu na Raheli, tukaenda Iguguno kuuza vitunguu. Njia nzima alikuwa anapigia watu honi kwa mkono wake mwenyewe.

Stefano akafunga mlango. Nasema kweli, yule kijana hakuwa mtu mbaya.

"Sikiliza, mzee. Ziko njia mbili. Ya kwanza, fundi aandike habari ya tairi na klachi. Nitaomba malipo yaongezwe, ofisi hii inaweza kufika elfu nne. Ukurasa wa kijiji tunauacha kama ulivyo."

"Yaani gari bovu lenye tairi mpya."

Akatabasamu kidogo. "Ndivyo litakavyoonekana. Njia ya pili, uandike tamko kwamba ulichokiambia kijiji hakikuwa kweli. Lipigwe muhuri wa kijiji na wa tarafa, tulipeleke makao makuu. Huko sijui watasemaje. Mimi ningekuwa mtoto wako ningekwambia chukua elfu nne."

"Kaka, elfu nne ni ng'ombe kumi," Filipo akasema. "Kumi! Neno unalifanyia nini? Halikamuliwi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mvua zilikuwa zimekataa, zizi langu lilikuwa limebaki na ng'ombe wawili. Nikamwomba Stefano karatasi ya tamko.

Tuliporudi nilikwenda kwa Simeoni kabla ya kwenda kwangu. Alikuwa nyuma ya nyumba anakata kwato za mbuzi.

"Nimeuona ukurasa," nikamwambia. "Na barua yako."

Aliendelea na kwato ile mpaka ikaisha. "Kaa, shemeji."

"Sikai. Raheli ni dada yako."

"Alikuwa. Nifanyeje? Amekwishakufa. Katibu alikuja usiku, akasema makao ya wilaya wanauliza gari la mtu lilichukuliwaje mgonjwa akiwa mlangoni. Akasema, 'Simeoni, mtu aliyekupa uenyekiti anaweza kukosa kazi kwa ajili ya shemeji yako.' Nina watoto saba."

"Ukamwuza dada yako."

"Nani aliyesema bovu?" Akasimama, kisu mkononi, machozi yanamlenga, na hasira. "Mimi niliandika tu. Kidole ni chako! Na ukienda kusema lilikuwa zima, umekiri kuudanganya Ujamaa. Watakumaliza, shemeji. Watakuanika mkutanoni kama ngozi."

"Nipigie muhuri."

"Sipigi mpaka mkutano uamue."

Basi nikasimama mkutanoni. Nilisoma tamko langu mwenyewe, kwa ule usomaji wangu wa taratibu, watu mia mbili wamekaa chini. Mimi Laurenti nilisema gari langu ni bovu. Nilisema uongo. Gari lilikuwa zima, lilitembea mpaka siku lilipochukuliwa. Nilipofika hapo nilimtazama mkwe wangu Marietha, amekaa na wanawake, kitenge kimefunika nusu ya uso.

Katibu Tarafa alipiga makofi mara tatu, polepole. "Mmesikia wenyewe. Mtu mmoja ana gari, anatuficha, wenzake wanabeba milango kichwani. Halafu anasema serikali ni mbaya." Akanigeukia. "Ulipodanganya mwezi wa sita ulikuwa unataka gari. Leo unataka hela. Uongo ni upi, Ndugu Laurenti?"

"Nyote mliandika uongo," nikasema. "Nani hapa cherehani yake ni mbovu? Asimame."

Hakusimama mtu. Jirani yangu, ambaye cherehani yake niliibeba mwenyewe kwenye ile Landrova akiificha chini ya majani ya ng'ombe, alikuwa anachora kitu mchangani kwa kidole. Nikaelewa kwamba nimewaudhi kuliko nilivyomwudhi Katibu.

Mkutano ukaamua: siku arobaini za kulima shamba la kijiji peke yangu, juu ya zamu yangu ya kawaida, na jina langu litolewe kwenye unga mpaka nimalize. Kisha Simeoni akapiga muhuri, na Katibu akapiga wake, kwa furaha. Alidhani karatasi ile inanifunga mimi tu. Ukweli ulipigwa muhuri kwa sababu ulikuwa na aibu yangu ndani yake.

Nililima siku arobaini. Ardhi ilikuwa kama sakafu. Aliyeniletea chakula ni Filipo, mara mbili kwa wiki, kutoka Iguguno kwa baiskeli. Marietha hakuja, lakini siku moja nilikuta kibuyu cha maji kwenye mpaka wa shamba na sikuona aliyekiweka.

Jibu la makao makuu lilikuja mwezi wa tisa. Safari hii Filipo alinipitishia mwenyewe kutoka kwa Stefano, halikuonwa na mtu. Nililisoma nikiwa nimekaa kwenye jembe la ng'ombe.

Walikuwa wamelichunguza jambo hilo upya, ndivyo walivyosema. Wamepokea tamko langu, na la fundi, na la dereva wa serikali. Wamekubali kwamba gari hilo lilikuwa zima, katika hali nzuri, na lilitembea kila siku bila hitilafu mpaka saa ya ajali. Lakini, wakasema, likiwa zima hivyo, lilikuwa likibeba watu na mizigo kwa shughuli ya umma, na bima yangu ilikuwa ya gari la mtu binafsi kwa shughuli zake mwenyewe. Kwa hiyo hawana deni kwangu. Hata ile elfu moja na mia nane wanaiondoa. Faili limefungwa.

Nikarudia mara nne. Bovu walilipa kidogo, zima hawalipi kabisa. Serikali ilinipora funguo kwa amri, na shirika ambalo ni la serikali hiyohiyo linaniambia nimevunja masharti kwa kuporwa. Anayeandika mambo kama haya analala wapi? Anakula nini asubuhi?

Katibu Tarafa nisingemwonyesha hata kama ningetaka. Alikuwa amehamishwa mwezi wa saba, kwenda wilaya nyingine, kwa cheo kikubwa zaidi. Walimfanyia sherehe, wakachinja ng'ombe wa kijiji.

Jioni Simeoni alikuja. Sijui nani alimwambia, labda Filipo aliropoka. Alisimama mlangoni kama mtu anayekuja kuposa.

"Shemeji. Nasikia wamesema lilikuwa zima."

"Wamesema."

"Na hela?"

"Hakuna."

Akavuta pumzi. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kwa hiyo angefika," akasema.

"Kutoka hapa mpaka misheni ni saa moja na nusu. Ungeuliza, ningekwambia. Ulikuwa unaijua njia."

Alikaa kizingitini, akashika kichwa. Alikaa mpaka kuku wakapanda kulala. Kisha akasema lile lililomleta.

"Usimwambie mama. Nakuomba. Nilimwambia lilikuwa bovu ili moyo wake utulie."

"Moyo wake au wako?"

"Shemeji, ni mzee. Amebakiwa na mimi tu."

Nilimwacha pale pale, nikaingia ndani.

Asubuhi nilivaa shati la kanisani, nikaenda nyumba ya tatu. Marietha alikuwa anapeta uwele, ule kidogo tuliokuwa nao. Nikamsalimu kutoka mbali. Akaniambia nisogee, na tangu nimwoe binti yake alikuwa hajawahi kuniambia nisogee. Nikamsomea ile sehemu peke yake: lilikuwa zima, katika hali nzuri, lilitembea kila siku. Ile ya hela sikuisoma, haikumhusu.

Akaacha kupeta.

"Muhuri upo?"

"Upo, mama. Huu hapa."

Aliupapasa kwa kidole, ule mduara wa wino.

"Na wewe ndiye uliyesema mwanzo kwamba ni bovu."

"Ni mimi. Niliwaogopa."

"Nilisikia mkutanoni. Uliyasema mwenyewe mbele ya watu, na nikaona ulivyolima." Akachukua ungo, akauweka tena chini. "Simeoni alijua?"

Ningeweza kusema sijui. Nilifikiri juu ya watoto saba, na juu ya kizingiti changu jana yake. Kisha nikafikiri juu ya lile godoro, lilivyowekwa chini vizuri.

"Alijua, mama. Mwezi mmoja kabla ya msiba alilipanda mpaka Iguguno na kurudi, amekaa na Raheli."

Bibi yule hakulia. Alifunga kitenge chake upya, akakikaza, akasimama mwenyewe bila mkongojo.

"Niitie," akasema.

Nilimkuta ofisini, anapima mbegu kwa kopo, watu watano wakingoja. Nikamwambia mama anakuita.

"Umemwambia?"

"Anakuita, Simeoni."

Alifunga kitabu. Akafunga na droo. Kisha akaanza kuitafuta kofia yake, juu ya meza, nyuma ya magunia, chini ya kiti, nao wale watu watano wakimtazama tu, na kofia iko kichwani.